Re: Tangazo la kuzibua mitaro Mbale, ni la kweli?

Ndugu, umeuliza kama lile tangazo la WhatsApp la kuzibua mitaro, lenye vitisho vya faini, limetoka kweli halmashauri ya jiji la Mbale, Uganda. Muulize kwanza mwenyekiti wako wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Tangazo la kweli humfikia, na mara nyingi husomwa kwenye vipaza sauti vya mtaani. Asipolijua, nenda ofisi ya karani wa mji uone kama lina sahihi na muhuri. Faini ya kutumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi usilipe hata shilingi. Dai risiti ya serikali.

Ila mtaro zibua tu, tangazo liwe la kweli au la uongo! Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapo hapo Mbale, watu wakafa na magari yakasombwa. Mvua ya mlimani Elgon huleta maji mjini hata kwako kukiwa kukavu. Boda akikuambia daraja lililofunikwa na maji linapitika, shuka.

Dharura piga 999 au 112, ni bure.