Homa Ikiisha, Iangalie Miguu Yako

Mbukwenyi nyote.

Jumamosi nimepogoa zabibu mistari mitatu, nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, bila kigoda. Nililia pale pale shambani. Jioni nikakuta ujumbe wa msomaji wa Kondoa: mdogo wake aliugua homa wiki mbili zilizopita, akapona, sasa magoti hayambebi, na nyumbani wanatafuta mganga. Nimempigia mara nne, simu haipatikani. Ndiyo maana naandika hapa, kuhusu ugonjwa unaoidhoofisha miguu baada ya homa kuisha.

Yangu yalianza msimu wa mavuno. Homa na mafua ya siku tano, mwili unauma kama uliotwangwa. Malaria ikapimwa, haikuonekana. Ikaisha, nikarudi kazini. Najua nawe ungerudi, maana sisi tunaosomana hapa ni watu wa kutafuta: ofisi asubuhi, shamba jioni, kiwanja cha Nala, pembeni mwa Dodoma, hakijamalizwa kulipiwa. Siku ya tisa vidole vya miguu vikaingia ganzi, kulia na kushoto kwa pamoja. Siku ya kumi ngazi zikanishinda. Ya kumi na moja, sufuria ya ugali ikaniponyoka mikononi.

Kituo cha kwanza niliambiwa ni mawazo. “Wanawake wa siku hizi mnajibebesha mengi.” Nikapewa vitamini. Nimewasamehe, lakini bado inaniuma. Nyumbani mama mkwe akasema nimerogwa kwa ajili ya shamba. Siku mbili zikapotea hivyo, mpaka usiku ule uji uliponipalia, na nikihesabu kwa pumzi moja sifiki hata kumi: misuli ya kupumua ilikuwa inachoka.

Hospitali kubwa, daktari alinigonga goti kwa kinyundo. Mguu haukuruka, yaani neva, mishipa ya fahamu, hazijibu. Wakachukua maji ya uti wa mgongo: protini imepanda, chembe nyeupe chache. “Hujarogwa, mama,” akaniambia. “Kinga yako imemkosea adui.” Ugonjwa unaitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wa Ufaransa walioueleza mwaka 1916, pamoja na mwenzao Strohl, baada ya kuwaona wanajeshi wawili waliopooza.

Nimeuelewa hivi. Sungusungu wakitangaziwa mwizi mwenye koti jekundu, kila mwenye koti jekundu atapigwa. Kirusi kinaweza kuwa na sehemu inayofanana na kitu kilichomo kwenye neva zetu. Kinga inakimaliza kirusi, kisha inaendelea kuzipiga neva, mara nyingi kwenye ala inayozifunika. Homa imeshaondoka, vita vinaendelea. Takriban wagonjwa wawili kati ya watatu huwa waliugua mafua au kuhara wiki chache kabla. Na kuhara huko mara nyingi huletwa na bakteria, si virusi peke yake. Zika, kirusi kilichogunduliwa Uganda mwaka 1947, kilifuatwa na wagonjwa wengi wa aina hii kule Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013 na 2014. Hata chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, yenye jina la Kimakonde, imo kwenye orodha ya yanayoweza kuutangulia.

Usiogope kila mafua. Kila mwaka ugonjwa huu humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100,000. Lakini ganzi au udhaifu unaopanda kutoka miguuni, pande zote mbili, baada ya homa, si uchovu. Nenda siku hiyo hiyo. Daktari akisema ni mawazo, mwombe akugonge goti. Akikataa, nenda kwingine. Nenda siku hiyo hiyo, narudia, kwa sababu karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne hufika kwenye mashine ya kupumulia. Mimi nililala kando yake, sikuihitaji.

Nilitundikiwa dripu ya kingamwili siku tano. Baba aliuza ng'ombe wanne. Miezi saba ya mazoezi siisimulii. Wengi wetu hutembea tena, na wanaowahi hospitali ndio ninaotaka muwe.

Jamani, acheni kujivunia kuvumilia. Mimi nilijivunia, na uvumilivu ule ulinilia siku mbili ambazo neva zangu hazikuwa nazo.

Dada wa Kondoa, umeandika kwamba mnasubiri mnada muuze mbuzi ndipo mumlete mjini. Msisubiri mnada. Kopeni nauli leo, na njiani mhesabisheni kwa pumzi moja.