Breki ya bobini inaponata, usikimbilie kukaza

Kuna ugonjwa wa mulineti, kile chombo cha kuzungushia uzi wa kuvulia, ambao wavuvi wengi wa hapa Lubumbashi wanautibu vibaya. Nazungumzia mulineti ya gumba, ile inayokaa juu ya fimbo na bobini yake, yaani kigurudumu kinachobeba uzi, kuzunguka unaporusha, si ile inayoning'inia chini. Unarusha mara ya kwanza, kijiko, kile chambo cha chuma, kinakwenda mbali, safi kabisa. Unarusha tena kwa nguvu zilezile na upepo uleule, uzi unafumuka juu ya bobini na kujifunga peruki, yaani fundo la uzi uliosokotana. Unaufumua kwa uvumilivu, unarusha mara ya tatu, kijiko kinaanguka hapo mbele tu. Ukiona hali inabadilika hivyo bila wewe kubadilisha chochote, usiulaumu mkono wako. Mulineti inayokubali leo na kukataa baada ya dakika mbili, mara nyingi breki zake zinanata.

Dawa ambayo karibu kila mtu anaikimbilia ni kukaza kifundo kilicho upande wa mkono wa kuzungushia. Peruki inapungua, ni kweli. Lakini kifundo kile si breki. Kinabana ncha mbili za mhimili wa bobini, basi. Ukikikaza sana unapoteza umbali, unazitesa beringi, na breki yenyewe inabaki na uchafu wake vilevile. Nimeona watu wanavua hivyo msimu mzima, wanarusha nusu ya umbali ambao mulineti yao inaweza, na wanaamini ndivyo ilivyotengenezwa.

Tuangalie kinachofanyika ndani. Kijiko kinaporushwa, bobini inachukua kasi kubwa ghafla. Hewa inaanza kukipunguza mwendo kijiko, lakini bobini haina habari, inaendelea kutoa uzi ambao hakuna anayeuvuta. Hapo ndipo peruki inapozaliwa. Breki ipo ili kuipunguza bobini kidogo katika dakika hiyo hatari. Katika mulineti nyingi kazi hiyo inafanywa na vikofia vidogo vya plastiki vilivyovaa pini za chuma ubavuni mwa bobini. Bobini inapozunguka vinasukumwa nje, vinagusa pete iliyo ndani ya kifuniko, na msuguano ule ndio breki. Uzuri wake ni kwamba nguvu hiyo inakua haraka kuliko kasi: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kwa hiyo vinabana pale tu panapohitajika, mwanzoni mwa safari ya kijiko, na vinaachia vyenyewe kijiko kinapokaribia maji.

Sasa weka utando mwembamba wa mafuta mazito kati ya kikofia na pini. Kikofia kinashikwa. Bobini inapoanza kuzunguka hakitoki, au kinatoka kimechelewa, wakati uzi umeshafumuka. Kikikwama nje na grisi ikaenea kwenye pete, kinaburuza tangu mwanzo hadi mwisho na kijiko hakifiki mbali. Na kimoja kikitoka huku mwenzake wa upande wa pili amekwama, utasikia mtetemo kwenye gumba, kwa sababu bobini imepoteza usawa wake.

Mafuta hayo yanafikaje pale? Mara nyingi tunayaweka sisi wenyewe kwa nia njema. Mtu ananunua chupa ya mafuta, anafungua kifuniko, anadondoshea kila kinachozunguka. Au anaitia beringi matone manne badala ya moja, na bobini inapozunguka ile ziada inarushwa moja kwa moja kwenye vikofia. Halafu inakuja kiangazi yetu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, vumbi jekundu la Katanga linaingia popote, hata ndani ya mfuko uliofungwa zipu. Vumbi likikutana na mafuta linakuwa uji mweusi, na uji ule ukikauka unashika kama gundi. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi. Yakikaa hewani yanageuka kuwa utando wa kunata ambao hautoki kwa kupangusa. Nakuomba, mafuta ya mawese na mafuta ya alizeti yabaki jikoni.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila mwenye mulineti ya gumba akijue, kwa sababu hakihitaji chombo chochote. Fungua kifuniko cha upande usio na mkono wa kuzungushia, toa bobini, uishike kwa vidole viwili mhimili wake ukiwa umelala. Hakikisha vikofia vimewekwa kwenye hali ya kufanya kazi, maana katika aina nyingi kila kimoja unaweza kukibonyeza ndani kikalala au kukivuta nje kikaamka. Sasa igeuze bobini polepole. Kikofia kinachofika chini kinatakiwa kushuka kwenye pini kwa uzito wake tu, na kikifika juu kirudi ndani chenyewe. Ukisogeza sikio utasikia kimlio kidogo sana kila kinaposhuka. Kinachobaki palepale ndicho mgonjwa wako. Mulineti nyingine mpya zina vikofia vyenye bawaba au springi; hapo kisukume kwa kucha kidogo, na kiende na kurudi bila kusita.

Papa mmoja, yaani mzee, wa mtaa wa Katuba hapa mjini aliniletea mulineti ya duara, Ambassadeur ya zamani ya Abu, kiwanda cha Svängsta kule Sweden. Ukoo huo wa mulineti ulianza mwaka 1952 na bado naziona mikononi mwa wazee hapa mjini, kwa sababu zilijengwa kudumu. Akaniambia, "Mwanangu, breki zimekwisha, nitafutie mpya." Nikamwambia, "Papa, tuangalie kwanza." Ile ina vikofia viwili tu, vinavyotazamana. Tulipoigeuza bobini hakuna kilichosogea. Nilikivuta kimoja kwa kucha, kikatoka na uzi mwembamba wa grisi ya kahawia, ile inayotumika kwenye magurudumu ya gari. Ndani ya tundu la kikofia kulikuwa na pete nyeusi ya uchafu, na plastiki yenyewe ilikuwa nzima, haijalika hata kidogo. Papa alikichukua, akakiweka kwenye kiganja, akakigeuzageuza, akasema, "Kumbe hakikuwa kinafanya kazi kabisa." Breki mpya hazikuhitajika. Ilihitajika alkoli na kitambaa.

Kuhusu kusafisha, hapa ndipo ningependa uende taratibu. Tandika kitambaa cheupe mezani, funga dirisha, washa taa nzuri. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, ili ujue kila kikofia kilikaa wapi na kilielekea wapi. Kikofia kikidondoka kwenye sakafu ya saruji hukioni tena. Kivute kwa kucha kikiwa sawa na pini, usikipinde. Kikikataa kutoka, kiache mahali pake na ukisafishie hapohapo, kwa maana kuna aina ambazo hazikutengenezwa zitolewe.

Cha kusafishia ni alkoli ya farmasi ya digrii 90 pamoja na vijiti vya pamba vya masikio. Pangusa pini hadi kijiti kitoke cheupe, kisha tundu la kikofia, kisha pete yote ndani ya kifuniko. Utabadilisha vijiti vingi, usiwe mchoyo. Baada ya hapo angalia kwenye mwanga kama kuna nyuzi za pamba zimeshika kwenye pini, kwani uzi mmoja unatosha kurudisha tatizo. Ukikosa alkoli, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa mswaki laini yanafanya kazi vizuri, mradi usuuze na kukausha kivulini hadi pasibaki unyevu. Usitumie dawa ya kutoa rangi ya kucha, inaweza kuyeyusha plastiki. Esanse, yaani petroli, naikataa pia: inavimbisha vipande vya mpira, na mvuke wake ndani ya nyumba ni hatari ya moto. Mafuta ya taa yanasafisha, lakini yanaacha utando, na utando ndio tunaopigana nao.

Pini ikiwa na kutu au mkwaruzo, isugue kwa kitambaa kigumu hadi ing'ae. Msasa usiuguse, wala kwenye pini wala kwenye pete. Msasa unaacha mistari, na kikofia kitakuwa kinakwama kwenye mistari hiyo milele.

Halafu rudisha vikofia vikiwa vikavu. Najua kuna mafundi wanaopaka mafuta kidogo sana kwenye pete ili breki iwe laini. Kwa mahali penye vumbi kama hapa, mimi siyapaki. Breki kavu inafanya kazi ileile siku zote, na ndicho mvuvi anachotaka: kujua leo itafanya kama jana.

Beringi ndizo zinazohitaji mafuta, tena mepesi, kama yale ya mashini ya kushonea. Tone moja kwa kila beringi, litoke kwenye ncha ya sindano. Kabla ya kurudisha bobini ndani, ishike juu ya karatasi nyeupe na uizungushe kwa nguvu mara kadhaa. Ukiona vitone vimerukia karatasi, ujue hayo ndiyo yangekwenda kwenye breki. Pangusa, rudia hadi karatasi ibaki safi. Hatua hii inachukua muda mfupi mno na ndiyo inayorukwa na karibu wote. Grisi nayo ina mahali pake, kwenye meno ya gia upande wa mkono, na huko ibaki.

Mulineti ya sumaku ni habari nyingine. Hapo hakuna kinachogusana: sumaku ziko kwenye kifuniko, bobini ya aluminiamu inazunguka mbele yake, na umeme mdogo unaozaliwa ndani ya aluminiamu ndio unaoipunguza. Kwa hiyo uchafu kidogo hauibadilishi breki yenyewe. Lakini sumaku zinavuta chembechembe za chuma, na chembe zikirundikana zinaanza kukwaruza bobini. Kitambaa hazikisikii. Chukua utepe wa gundi, bandika juu ya sumaku, bandua, rudia. Kama kifundo cha namba hakizunguki, mara nyingi ni vumbi lililoshika chini yake. Tone la alkoli ukingoni na subira vinatosha, usikilazimishe kwa koleo. Kuna pia zile ambazo kipande cha aluminiamu kinasogea chenyewe kuelekea kwenye sumaku bobini inapochukua kasi. Kipande hicho kinanata kwa grisi sawasawa na vikofia. Kivute polepole, kiachie, na kirudi chenyewe.

Kabla hujasema ni breki, hakikisha pia si uzi. Uzi mwembamba unaweza kuteleza ukaingia kati ya ukingo wa bobini na fremu, ukajizungusha kwenye mhimili, na bobini itakuwa nzito kana kwamba breki imeshika. Unauona mara tu unapotoa bobini. Ndiyo sababu nyingine ya kufungua kwanza na kukaza baadaye.

Mulineti ikishakuwa safi, mipangilio yako ya zamani haifai tena, kwa sababu uliipanga kwa breki iliyokuwa inanata. Anza upya. Funga kijiko utakachotumia, inua fimbo, achia uzi: kijiko kishuke polepole, na kinapogusa ardhi bobini isimame. Hapo ndipo kifundo kinapotakiwa kukaa. Kisha amsha vikofia kwa jozi zinazotazamana, vinne kati ya sita ni mwanzo mzuri, urushe uwanjani nyumbani kabla ya kwenda majini. Gumba likishazoea, laza jozi moja. Kwenye mto Luapula upande wa Kasenga, ninapomtafuta yule samaki wa meno makali kwa kijiko cha gramu 20 na waya mbele yake, nabaki na jozi moja tu, na upepo ukinijia usoni naongeza ya pili. Chambo chepesi kwa tilapia kinataka breki zaidi, si pungufu, maana hewa inakipunguza mwendo mapema.

Barabara ya kwenda huko ina vumbi la kutosha kuharibu kazi yote uliyoifanya. Mulineti isisafiri ikiwa imefungwa kwenye fimbo nyuma ya gari. Iweke ndani ya soksi safi, soksi ndani ya mfuko wa plastiki, na ukifika mtoni ifanyie kile kipimo cha kugeuza bobini kabla ya kuifunga.

Vikofia vikiwa vimelika kweli, utaona upande unaogusa pete umekuwa bapa au una ukingo mkali. Badilisha vyote kwa pamoja. Kimoja kipya kati ya vizee kitavuruga usawa. Hapa mjini ni vigumu kuvipata dukani, itabidi uagize, na muuzaji atataka kujua ni mulineti ipi hasa. Za Abu zina namba iliyochongwa chini ya mguu unaokaa kwenye fimbo. Ipige picha namba hiyo, piga na ya kikofia kikiwa kimelala kando ya rula, zitume zote mbili.