Ukuta wa kanisa umelowa: tupige saruji?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi kijijini mkoa wa Indre, Ufaransa. Kanisa letu la parokia ni la mawe, la karne ya 12. Ukuta wa kaskazini umelowa ndani mpaka usawa wa kiuno, rangi inabanduka na kuacha unga mweupe. Wazee wa parokia wamechanga pesa ili ukwanguliwe wote, upigwe lipu ya saruji. Padri amekubali. Niwaambie nini?

JIBU: Marahaba. Waambie waweke vikwangulio chini leo hii, saruji tutaifikia.

Hapo hapo Indre, kijiji cha Vic, mwaka 1849 padri Jean-Baptiste Périgaud alikuta picha za karne ya 12 zimefichwa chini ya chokaa ya kanisa la Mtakatifu Martino. Mwandishi George Sand, aliyekaa jirani Nohant, akamfikishia habari Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria, na zikaokolewa. Mpaka leo Yuda anambusu Yesu kwenye ukuta ule. Kwenu huenda hamna kitu, lakini kabla ya kukwangua, mtaalamu afungue kidirisha cha ukubwa wa kiganja kwa kisu cha upasuaji, tabaka moja moja.

Sasa saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa kwa upepo. Ukiuziba kwa saruji, maji yanapanda kutafuta pa kutokea: unyevu wa kiuno unafika mabegani. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yakikauka, chumvi inaganda punje punje ndani ya vitundu vya jiwe na kulisaga. Lipu ya saruji ya namna hiyo ukiigonga inalia kama debe tupu. Siku ikianguka, inaondoka na uso wa jiwe. (Aliyefanya kazi Mji Mkongwe, Zanzibar, anaijua sauti hiyo.)

Mimi nashuku nje kuliko ndani. Zungukia kanisa mvua ikinyesha. Mfereji wa paa umeziba? Udongo wa nje uko juu kuliko sakafu? Makanisa haya yalizungukwa na makaburi kwa karne nyingi, ardhi ikainuka. Ndiyo maana msichimbe wenyewe: mtakutana na mifupa.

Kuhusu ruhusa, padri ni mtumiaji tu. Tangu sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo kwa kawaida ni mali ya commune, yaani serikali ya kijiji (Alsace na Moselle, kule mashariki mwa Ufaransa, wana utaratibu wao). Nendeni kwa meya. Mkiambiwa kanisa ni classé, yaani limeorodheshwa na serikali kama jengo la kihistoria, hata lipu ya ndani inataka kibali cha serikali kupitia DRAC, idara ya utamaduni ya mkoa. Michango yenu isirudishwe. Muulizeni meya kama commune itafungua changizo na Fondation du patrimoine, shirika la kuhifadhi majengo ya urithi.

Siku ya kupiga lipu, iwe chokaa na mchanga, bila hata kijiko cha saruji, na juu yake chokaa ya kupaka, si rangi ya plastiki. Lakini kwanza zibueni mifereji. Kisha chora mstari wa penseli pale unyevu unapoishia, andika tarehe pembeni, uniandikie tena baada ya mwaka.