Jiko la mawe ya sabuni linavuja moshi

SWALI: Nimepata jiko kuukuu la kuni, fremu ya chuma cha kusubu na mabamba ya mawe ya sabuni. Moshi unatoka kwenye maungio na bamba moja lina ufa. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na kamba ya mlangoni, ile inayoziba mwanya kati ya mlango na fremu. Kwenye majiko ya zamani huenda ina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu: iloweshe, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, kisha ifunge ndani ya mfuko. Weka mpya ya nyuzi za kioo, yenye unene uleule. Ukifunga mlango juu ya karatasi nayo ikachomoka kirahisi, bado haujabana.

Ufa mwembamba usiopenya hauna neno. Bamba lililokatika vipande libadilishwe. Gundi ya kawaida huungua.

Moshi wa maungio maana yake saruji ya tanuri, yaani ile ya kustahimili moto inayoziba maungio, imekauka ikapukutika. Kuijazia kwa nje hakudumu, ni afadhali kulifungua jiko na kuyaziba upya. Weka alama kila bamba, na bolti zenye kutu zimwagie oili ya kulegeza usiku kucha. Wakati wa kurudisha, usikaze kupita kiasi: jiwe hili ni laini na linahitaji nafasi ya kutanuka. Madoa yatoe kwa msasa namba 120, kisha 220.

Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, siku kadhaa. Maji yaliyojificha ndani ya jiwe yakigeuka mvuke ghafla, hulipasua.