Katika kutazama ndege, wewe ni mtu wa jicho au wa sikio?

Wapeleke watazama ndege wawili mahali pamoja, asubuhi moja, na orodha zao hazitafanana. Mara nyingi hilo halitokani na uzoefu. Mmoja anaongozwa na macho, mwingine na masikio.

Mimi ni mtu wa macho. Tawi likitikisika pembeni, nimeshageuka. Rafiki ninayetembea naye huinamisha kichwa tu na kutaja ndege ambaye mimi sijaona hata unyoya wake. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta mwenzi asiye wa aina yako.

Mahali penyewe nako huamua mengi. Ziwani au uwandani jicho linatosha, kwani tai anayeelea juu anaweza kupita bila kutoa sauti yoyote. Msituni mambo hugeuka: ndege wengi wanaohesabiwa huko husikika tu. Dudumizi ni mfano mzuri. Sauti yake hububujika kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, nawe umesimama hatua chache kutoka kichakani na humwoni. Nao sisitikola, vindege vya kahawia vya nyasini, wanafanana kiasi kwamba sauti ndiyo hutenganisha aina nyingi.

Kama wewe ni wa macho, ukifika msituni acha darubini kifuani, simama, usikilize dakika tano nzima. Weka viganja nyuma ya masikio na ugeuze kichwa polepole. Ukipata upande sauti inakotoka, sogea hatua kumi kando usikilize tena. Pale pande hizo mbili zinapokutana ndipo alipo ndege. Kisha mngojee ajitokeze umwone akiimba. Rekodi za simu zinasaidia, ila kwangu hakuna sauti iliyokaa kichwani kama ile niliyoona mdomo ulioitoa.

Wa masikio naye asimtafute ndege, atafute mtikisiko. Ukiuona, usiondoe macho hapo. Inua darubini ikufuate machoni. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, humfaa zaidi kuliko ya 10x42, kwa kuwa kwa kawaida inaonyesha eneo pana na haitetemeki sana mkononi.

Kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulizungumza, nalo ni umri. Sauti nyembamba ndizo hutoweka kwanza. Goldcrest wa Ulaya, ndege wa gramu 5 hadi 7, huimba kwenye takriban hezi 7,000, yaani mitetemo 7,000 kwa sekunde, na mtu mzima anaweza kupita chini yake asisikie kitu huku mazungumzo ya kawaida akiyasikia vizuri. Si aibu hata kidogo, na vifaa vya kusaidia kusikia vipo.

Kwa hiyo katika daftari, mbele ya kila ndege, andika kama ulimwona au ulimsikia. Ukigundua kwamba wale wa sauti nyembamba siku hizi unawaona tu na huwasikii, nenda ukapimwe masikio.