Kumuenzi Mzee wa Reki

Nilikulia Morogoro, kwenye kandanda, na nilipohamia mji mdogo katika Kaunti ya Stearns, jimboni Minnesota, sikujua besiboli hata chembe. Jirani aliniomba nimsaidie kuuza soseji kwenye kibanda cha uwanjani Jumapili moja tu. Mwaka uliofuata nikajikuta kwenye kamati ya timu, na kazi niliyopewa, nadhani kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, ikawa kuandaa siku ya kuwaenzi wakongwe.

Besiboli ya ridhaa ina mizizi mirefu huko. Mashindano ya jimbo yalianza mwaka 1924, na hadi leo fainali huchezwa mwanzoni mwa Septemba, wikendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, baada ya msimu mzima wa mechi katika viwanja ambavyo baadhi vimepakana na mashamba ya mahindi. Mrushaji wa mpira anaweza kuwa mwalimu, au mfugaji aliyetoka kukamua ng'ombe alfajiri. Kwa kuwa watu hawa wanajitolea, shukrani ikitolewa ovyo huwaumiza kuliko isipotolewa kabisa.

Sisi tulianza kwa kuitoa ovyo. Mzee mmoja alikuwa ametunza uwanja wetu kwa zaidi ya miaka 30. Tulimwalika kwenye chakula cha jioni cha kufunga msimu, tukamkabidhi ngao ambayo jina lake lilikosewa herufi moja, na msemaji akamwita "mdau muhimu" mara tatu bila kutaja hata jambo moja alilolifanya. Mzee alishukuru kwa adabu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyekumbuka kuzima taa za uwanja.

Baada ya aibu hiyo nilitumia majira ya baridi, theluji ikiwa imefika magotini, kuzungumza na mkewe na kupekua madaftari ya zamani ya matokeo. Nawashauri wenzangu waanzie hapo: kabla ya kununua ngao, tafuteni mambo mawili au matatu ambayo yasingefanyika bila mtu huyo, na muyahakikishe kwa wanaomfahamu. Julai iliyofuata hatukumwita jukwaani. Tulisubiri mwisho wa awamu ya tano kati ya tisa za mechi, wakati ambapo hushuka na reki yake kusawazisha udongo kuzunguka besi, yaani vituo ambavyo wachezaji hukimbilia, na wachezaji wa timu zote mbili wakatoka na reki za kuazima, wakajipanga nyuma yake. Mtangazaji akasoma kwamba asubuhi moja ya mvua mzee huyu aliyafyonza maji ya besi ya pili kwa sifongo na ndoo, mechi ikaanza saa nane mchana kama ilivyopangwa. Na kwamba chokaa ya mistari aliinunua mwenyewe mwaka timu ilipokosa mfadhili. Alivua kofia, akasimama kidogo, halafu akaendelea na kazi, maana kulikuwa na shimo karibu na besi ya tatu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema wetu Jumatano alikuwa uwanjani akikata nyasi.

Mnapowaenzi wachezaji, jihadharini na desturi ya kustaafisha namba za jezi, yaani namba ya mkongwe isivaliwe tena na mwingine. Yankees, klabu ya kulipwa ya New York, waliistaafisha namba 4 ya nyota wao Lou Gehrig mwaka 1939, na klabu kubwa kama ile inaimudu. Timu ya mji mdogo yenye jezi chache itajikuta haina za kuwavalisha vijana. Sisi humpa mkongwe jezi yake aende nayo nyumbani, kisha yeye mwenyewe huchagua kijana wa kuirithi namba. Muulizeni kwanza, lakini, kama kweli ameamua kuacha, kwani mmoja wetu aliagwa kwa hotuba tatu na Mei iliyofuata akarudi mazoezini.

Jambo ninalojutia ni kuchelewa. Mama aliyejaza daftari la matokeo, mechi baada ya mechi, kwa penseli aliyoichonga kwa kisu, tulimpangia siku yake katika msimu uliofuata, naye akafariki Februari. Maua tuliwakabidhi watoto wake. Sasa daftari hilo linajazwa na binti wa miaka 14, na mimi nimeshaanza kuandika pembeni tarehe za mechi alizokaa kwenye mvua hadi mwisho.