Dawa ikishatoka dukani, nani anaifuatilia?

Maswali kuhusu viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, magugu na visumbufu vingine vya mazao, yamekuwa mengi kuliko nafasi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kuna chombo chochote duniani kinachozikagua nchi, au kila serikali inajiamulia? (Mkulima wa vitunguu, Karatu)

Polisi wa dunia hakuna, ndugu yangu. Kilichopo ni kanuni za maadili za kimataifa kuhusu usimamizi wa viuatilifu, ambazo FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilizipitisha mwaka 1985. Toleo linalotumika sasa ni la 2013, na WHO, Shirika la Afya Duniani, nayo imo. Ni za hiari. Mashirika hayo mawili hutuma dodoso kwa serikali: mna sheria? Mnasajili dawa kabla haijauzwa? Mna wakaguzi? Mnapima mabaki ya sumu kwenye chakula? La mwaka 2018 lilitolewa ripoti mwaka uliofuata.

Shida yangu na dodoso ni kwamba anayejibu ndiye anayepimwa. Kwenye swali la sheria karibu kila ofisi itajibu ndiyo, na wala si uongo. Kenya ina bodi yake ya kusimamia dawa hizi, PCPB, tangu miaka ya 1980. Tanzania ina TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na kurithi kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Ila sheria kuwepo ni jambo moja, mkaguzi kufika mnadani siku ya gulio ni jambo jingine kabisa.

Inakuwaje dawa iliyokatazwa Ulaya inaingia nchi nyingine kihalali? (Msomaji, Kampala)

Chukua parakwati, dawa ya magugu. Umoja wa Ulaya haujairuhusu tangu 2007, lakini kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza na kuiuza nje. Sheria zao zinalinda mashamba yao na sahani zao. Yetu ni juu yetu. Ufaransa ilijaribu kuziba mwanya huo kwa kukataza, kuanzia 2022, kusafirisha nje dawa ambazo zimekatazwa nyumbani, na hata hapo matundu yalibaki.

Wengi hutaja Mkataba wa Rotterdam wa 1998, wa kimataifa kuhusu biashara ya kemikali hatari, kama ndio kinga. Mkataba huo haupigi marufuku kitu. Unachodai ni kwamba nchi inayopokea iarifiwe na iulizwe kama inakubali, kwa kemikali zilizo kwenye orodha yake. Na ili kemikali iingie kwenye orodha, wanachama wote wakubaliane. Mmoja akikataa, imekwama. Dawa kali zenye parakwati zimekwama hivyo mkutano baada ya mkutano.

Ila kuna kipengele kimoja ninachokipenda. Nchi inayoendelea ikiwa na kumbukumbu za watu wake waliodhurika na dawa fulani, inaweza kuipendekeza peke yake. Chad ilifanya hivyo kwa fenthioni ya kupulizia kwelea kwelea, ndege ambao wakulima wetu wa mpunga na mtama wanawajua vizuri. Pendekezo likagonga mwamba 2015, likarudishwa, likakwama tena, mpaka likapita 2025. Sasa jiulize: zahanati ya kijijini ikimpokea mtu aliyetapika baada ya kupulizia, inaandika nini kwenye daftari? Wakiandika "homa ya tumbo" tu, wizara haina cha kupeleka Geneva, kwenye mkutano wa mkataba huo.

DDT si ilishapigwa marufuku? (Msomaji, Bujumbura)

Shambani, ndiyo. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, umeacha mlango mmoja tu: kudhibiti mbu wa malaria na wadudu wengine waenezao magonjwa, kwa masharti.

Wakiondoa dawa kali, si tutavuna mabua? (Mkulima, Mbarali)

Tazama Sri Lanka, maana imejaribu njia zote mbili. Kuanzia miaka ya 1980 iliondoa dawa hatari zaidi moja baada ya nyingine: zile za daraja la kwanza la hatari zilikuwa zimeondoka kufikia 1995, endosalfani, dawa ya wadudu, ikafuata 1998, kisha parakwati, fenthioni na dimethoeti, nyingine ya wadudu, kati ya 2008 na 2011. Vifo vya watu kujiua, ambavyo vingi vilitokana na sumu hizo, vilishuka kwa takriban asilimia 70 ndani ya miaka ishirini. Watafiti walipoangalia mavuno ya mpunga hawakuona pengo la kulaumu marufuku hizo, kwa sababu kila iliyoondolewa ilikuwa na mbadala.

Halafu Aprili 2021 serikali ikakataza mbolea na dawa zote za kemikali kwa mkupuo. Mavuno yakaporomoka, wakulima wakaingia barabarani, na kabla mwaka haujaisha amri ikafutwa. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila inahusu amri ya 2021, si ile kazi ya polepole iliyotangulia.

Dukani napimiwa dawa kwenye chupa ya maji kwa bei nafuu. Kuna ubaya? (Mama Neema, Iringa)

Upo, mama, na ni mkubwa. Mtoto akiiona ni maji. Pia umenunua dawa bila lebo, na lebo ndiyo sheria yenyewe ikiwa mkononi mwako. Angalia ukanda wa rangi chini: mwekundu ni hatari kabisa, wa njano unafuata, kisha bluu, kisha kijani. Tafuta namba ya usajili, tarehe ya kuisha muda, na siku za kusubiri baada ya kupulizia kabla ya kuvuna. Kwenye chupa ya maji vyote hivyo havipo, na muuzaji ukimuuliza atakukadiria.

Mishiri yetu (maharage mabichi ya maganda) ya kuuza Ulaya hupimwa kila mara. Nyanya za soko letu je? (Mkulima, Mwea)

Umegusa penyewe. Mwaka 2013 Ulaya ilianza kupima sehemu ya kumi ya shehena za mishiri kutoka Kenya baada ya kukuta mabaki ya dimethoeti, na kwa dawa isiyo na kiwango chake maalumu hukubali miligramu 0.01 tu kwa kilo. Wasafirishaji wakajipanga haraka, kwani shehena ikikataliwa hasara ni yao. Nyanya iliyopuliziwa jana na kuuzwa leo Kariakoo, Dar es Salaam, au Wakulima Market, Nairobi, haina mnunuzi wa kuirudisha. Maabara zipo, ujuzi upo. Kinachokosekana ni msukumo. Diwani au mbunge wako akipita, muulize sampuli ngapi za sokoni zilipimwa mwaka jana, na matokeo yamebandikwa wapi.